Kadi ya chama, kura na ukuta wenye ukungu: jibu kwa msomaji wa Newham

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi East Ham, London, na mume wangu na watoto wawili. Nipo hapa kwa viza ya kazi, nahudumia wazee. Tumepanga nyumba ya mtu binafsi. Chumba cha watoto kimeota ukungu ukutani, mdogo anakohoa usiku, na dalali kila nikimlalamikia ananijibu nifungue madirisha. Juzi kijana wa chama fulani alikuja mlangoni na orodha, akaniita kwa jina langu, akauliza kama wategemee kura yetu. Nilisema ndiyo kwa woga. Akasema kama siku ya kura nitakuwa zamu niombe kura ya posta, yeye atapita kuchukua bahasha. Shoga yangu ananiambia nichukue kadi ya chama kinachoshika kaunsili, ndiyo njia ya kupata nyumba ya kaunsili. Jirani yetu wa Bukavu naye anasema mgeni akipiga kura anafukuzwa nchini. Jina langu limefikaje kwenye chama? Nikipiga kura viza itaharibika? Na huu ukungu niupeleke kwa nani: Meya, diwani au chama?"

Marahaba, dada yangu, na mdogo apate nafuu. Umeuliza maswali mengi lakini naona hofu moja imeyabeba yote: kwamba yule kijana mwenye orodha ana kitu cha kukupa au cha kukunyang'anya. Hana. Nitakueleza kwa nini, kisha tuje kwenye ukungu, maana huo ndio wenye haraka.

Nianze na jirani yako. Kwa upande wake hajakosea, ila kwa upande wako amekosea. Uingereza inawaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola kupiga kura wakiwa wanaishi kihalali nchini humo, kwa viza ya aina yoyote ile: ya kazi, ya masomo au ya familia. Huhitaji kusubiri uraia. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo, na Mnyarwanda pia, kwa kuwa Rwanda ilijiunga na Jumuiya mwaka 2009. Kongo na Burundi hazimo. Kwa hiyo jirani wa Bukavu, kama hajachukua uraia wa Uingereza, hawezi kupiga kura, na akitoa taarifa za uongo ili aandikishwe anatenda kosa. Wewe haki hiyo unayo, tena si kwa diwani peke yake: unamchagua diwani, meya, hata mbunge. Kutumia haki uliyopewa na sheria hakuharibu viza. Kinachoweza kuiondoa haki hiyo ni ruhusa yako ya kukaa kuisha bila kuiombea nyongeza, kwa hiyo jihadhari na tarehe, si na sanduku la kura. Kuna mpaka mmoja ambao wengi hawaujui: kupiga kura unaweza kwa viza ya muda, lakini kugombea udiwani unatakiwa uwe na ukaazi wa kudumu.

Siku ya kura utaombwa kitambulisho chenye picha, utaratibu ulioanza England kwenye uchaguzi wa Mei 2023. Pasipoti yako ya Tanzania inakubalika, hata ikiwa imepitwa na tarehe, ilimradi sura iliyomo bado inafanana na yako. Usihangaike kutafuta kitu kingine.

Sasa jina lako. Lilitoka kwenye daftari la wapiga kura. Kila mwaka baraza la manispaa, yaani kaunsili, huwasiliana na kila nyumba kuhakiki nani anaishi humo na nani anastahili kuandikishwa. Fomu hiyo peke yake haimwandikishi mtu; huenda ulijaza mwenyewe maombi ya kuandikishwa ukasahau. Daftari lina sura mbili. Lile la wazi linaweza kununuliwa na mtu yeyote, na una haki ya kuomba jina lako liondolewe humo, jambo ninalokushauri ulifanye. Daftari kamili haliuzwi ovyo, lakini sheria inawapa nakala vyama, wagombea na madiwani ili wawafikie wapiga kura. Huwezi kutoka kwenye hilo, isipokuwa mtu ambaye usalama wake uko hatarini, ambaye anaweza kuomba aandikishwe bila jina lake kuonekana.

Nadhani ulimwona yule kijana kama balozi wa nyumba kumi wa enzi za kwetu, mtu wa chama ambaye neno lake lilikuwa na uzito hata serikalini. London haina mtu wa namna hiyo. Haina mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa kukuandikia barua ya utambulisho, haina mtendaji wa kata, wala haina mkuu wa wilaya aliyeteuliwa kutoka juu. Kijana yule ni mtu wa kujitolea. Anachofanya ni kuandika mbele ya kila jina: huyu wetu, huyu si wetu, huyu hajaamua, ili asubuhi ya uchaguzi wajue milango gani ya kuikumbusha. Jibu lako la "ndiyo" halikufungi kwa lolote. Ungeweza kusema "sipendi kujibu" ukafunga mlango kwa heshima, na hakuna ofisi yoyote ambayo ingejua.

Je, watajua ulimpigia nani? Hapana. Baada ya uchaguzi vyama vinaweza kupata nakala ya daftari inayoonyesha nani alifika kupiga kura, lakini haionyeshi alimchagua nani. Wengine huogopa wakiona karatasi ya kura ina namba nyuma. Ile namba ipo ili mahakama iweze kuchunguza udanganyifu. Karatasi hufungwa na lakiri, hutunzwa mwaka mmoja kisha huharibiwa, na hazifunguliwi bila amri ya mahakama. Diwani hazioni, wala mwajiri wako.

Lakini kuhusu bahasha, dada yangu, hapo nasema kwa ukali: usimpe. Tangu uchaguzi wa Mei 2024 ni kosa kwa mtu anayefanyia kampeni chama au mgombea kushika bahasha za kura za posta za watu wengine, ukiacha za jamaa zake wa karibu au anaowatunza. Hata raia wa kawaida haruhusiwi kupeleka kituoni zaidi ya bahasha yake na za wengine watano. Huenda kijana hakujua, huenda alijua. Kwa vyovyote vile, ukitaka kura ya posta iombe mwenyewe, ijaze mwenyewe, itumbukize mwenyewe kwenye sanduku la posta. Na kumbuka vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, hivyo wengi wenye zamu ndefu hupata mwanya upande mmoja au mwingine wa siku.

Ukishajua kwamba kura ni yako, swali linabaki unampigia nani na ana kazi gani. Hapa watu wengi wa kwetu huchanganyikiwa, na si kosa lao, kwa sababu London ina mameya kadhaa. Yupo Meya wa London, ambaye tangu 2016 ni Sadiq Khan. Huyu ni wa jiji zima, na kazi zake kubwa ni usafiri, usimamizi wa polisi, zimamoto, ramani kuu ya ujenzi wa jiji na fedha za kujengea nyumba za bei nafuu. Nafasi hii ni changa. Lilikuwepo Baraza Kuu la London, serikali ya Margaret Thatcher ikalivunja mwaka 1986, na jiji likakaa miaka 14 bila serikali yake mpaka uchaguzi wa mwaka 2000, aliposhinda Ken Livingstone kama mgombea binafsi baada ya chama chake cha Labour kumsimamisha mtu mwingine. Yupo pia Lord Mayor wa ile maili moja ya mabenki katikati ya jiji, ambaye ni wa shughuli za heshima na biashara. Manispaa nyingi zina meya wa sherehe anayevaa mkufu. Halafu kuna manispaa chache, na yako ya Newham ni mojawapo, ambazo wananchi wenyewe humchagua meya mwenye madaraka ya kuendesha manispaa.

Jiji lina manispaa 32, ukiacha lile eneo la katikati linalojitegemea. Hizi ndizo zinazogusa ukuta wako. Shule, takataka, vibali vya ujenzi, matunzo ya wazee unaowahudumia, ulinzi wa watoto, ukaguzi wa nyumba za kupanga, nyumba za kaunsili, yote yako huko. Uchaguzi wa mabaraza yote 32 hufanyika siku moja kila baada ya miaka minne: 2018, 2022, 2026. Meya wa London ana mzunguko wake, 2024 kisha 2028. Hivyo ukimwandikia Sadiq Khan kuhusu ukungu, kwa kawaida ofisi yake itakurudisha kwenye manispaa yako, na wiki zitakuwa zimepita.

Na vyama? Hapa shoga yako ana chembe ya ukweli, nami sitaki kumbeza. Newham kwa miaka mingi imekuwa ya Labour kiasi kwamba mwaka 2010, 2014 na 2018 walichukua viti vyote 60 vya udiwani. Mwaka 2022, viti vilipoongezwa kuwa 66, walichukua 64 na chama cha Green viwili. Fikiria maana yake. Baraza linahitaji theluthi mbili ya kura kubadili bajeti ya meya. Kama karibu madiwani wote ni wa chama chake, mjadala wa kweli haufanyiki kwenye ukumbi ulio wazi kwa wananchi. Unafanyika kwenye kikao cha ndani cha chama, kabla ya baraza kukutana, kisha mnadhimu wa chama anahakikisha wote wanapiga kura upande mmoja. Eneo ambalo desturi hairuhusu mnadhimu kuingilia ni maombi ya vibali vya ujenzi, ambako diwani anatakiwa asikilize kwanza ndipo aamue.

Katika mazingira hayo, anayechagua mgombea wa chama ndiye karibu anayechagua kiongozi, na wanaochagua mgombea ni wanachama. Newham yenyewe inatupa mfano. Robin Wales alikuwa kiongozi wa baraza kuanzia 1995, kisha meya wa kuchaguliwa kuanzia 2002. Hakuangushwa na chama pinzani. Machi 2018 wanachama wa Labour wa Newham walimchagua Rokhsana Fiaz awe mgombea wao badala yake, na Mei mwaka huo Fiaz akawa meya. Walioamua walikuwa wanachama elfu moja na mia kadhaa, katika manispaa yenye watu zaidi ya laki tatu. Ndiyo maana watu huhisi chama ndicho kila kitu.

Ila hapo ndipo shoga yako anapopotea. Mwanachama anapata sauti ya kumchagua mgombea. Hapati nyumba. Ugawaji wa nyumba za kaunsili unafuata mpango ulioandikwa na kuchapishwa, unaopima uhitaji: msongamano, ugonjwa, kukosa makazi, muda wa kuishi kwenye manispaa. Maofisa wanaozigawa nyumba hizo ni waajiriwa, si watu wa chama. Na waliowahi kujaribu kuzigeuza nyumba kuwa kura walikiona. Miaka ya 1980 baraza la Westminster, likiongozwa na Shirley Porter wa chama cha Conservative, liliamua kuuza nyumba za kaunsili kwenye kata 8 zenye ushindani mkali, kwa matumaini kwamba wanunuzi wangewapigia kura, huku watu waliokosa makazi wakielekezwa mbali. Mkaguzi wa hesabu alilichimba jambo hilo kwa miaka, akatoa uamuzi mwaka 1996. Mwaka 2001 majaji wa juu kabisa wa nchi wakasema kutumia mali ya umma kwa faida ya chama ni kinyume cha sheria. Mwaka 2004 Porter alilipa pauni milioni 12.3 kumaliza deni. Kesi hiyo bado inakumbukwa na mabaraza yote.

Kuna na jambo lingine, gumu kulisema lakini lazima ulijue. Viza ya kazi kama yako kwa kawaida ina sharti la kutotumia fedha za umma, na nyumba ya kaunsili ni moja ya vitu vinavyohesabiwa humo. Angalia kwenye akaunti yako ya viza mtandaoni. Kama sharti lipo, kuomba nyumba ya kaunsili, iwe kwa njia ya kawaida au kwa kusukumwa na mtu wa chama, hakutafanikiwa na kunaweza kukuletea matatizo kwenye viza. Kwa hiyo ushauri ule wa shoga yako, uliotolewa kwa mapenzi, ndio ulio hatari kwako, si kura aliyoiogopa jirani.

Habari njema ni kwamba ukaguzi wa ukungu si fedha za umma. Unaweza kuuomba bila woga. Sheria ya makazi ya mwaka 2004 inailazimu manispaa kuchukua hatua ikibaini hatari kubwa ya kiafya kwenye nyumba, hata nyumba ya mtu binafsi, hata mpangaji akiwa mgeni. Newham ilikuwa ya kwanza England, mwaka 2013, kuwataka karibu wenye nyumba wote wa kupangisha wawe na leseni, na orodha ya wenye leseni unaweza kuitazama kwenye tovuti ya manispaa. Itazame leo. Kama nyumba yako ilitakiwa kuwa na leseni na haina, mwenye nyumba anatenda kosa, na wewe unaweza kudai mbele ya mahakama maalumu ya mashauri ya nyumba urudishiwe kodi uliyolipa.

Fanya hivi. Mwandikie dalali na mwenye nyumba barua pepe, si simu, ukieleza tatizo lilianza lini, ukiambatanisha picha na kutaja kikohozi cha mtoto. Ukiweza pata maandishi ya daktari wake. Wape muda wa kujibu. Wasipojibu, au wakikurudishia wimbo wa madirisha, peleka malalamiko kitengo cha nyumba za kupanga cha manispaa na uhakikishe umepewa namba ya kumbukumbu. Hiyo namba ndiyo unayompelekea diwani wa kata yako. Utampata kwa kuingiza postikodi yako kwenye tovuti ya baraza, na wengi wana siku za kuonana na wananchi kwenye maktaba au kwenye kumbi za mtaa. Barua ya diwani kwa maofisa haimpi mtu haki mpya, lakini inalitoa faili chini ya rundo. Anapaswa kukusaidia uwe ulimpigia kura au hukumpigia, na hata jirani yako wa Bukavu asiye na kura ana haki ya kukaa mbele yake. Baraza lenyewe likizembea, kuna utaratibu wa malalamiko wenye hatua zake, na baada ya hapo Msuluhishi wa malalamiko ya serikali za mitaa, ambaye hatozi chochote. Mbunge mwache kwa mambo ya viza na serikali kuu.

Wengi huogopa kwamba wakilalamika watatolewa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu mwenye nyumba aliweza kumtoa mpangaji bila kutoa sababu. Sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 inaufuta utaratibu huo England kuanzia 1 Mei 2026.

Sasa, ujiunge na chama au usijiunge? Kama unapenda siasa, una jioni za kukaa vikaoni na umesoma masharti ya uanachama ukaona yanakuhusu, jiunge na kile unachokiamini, si kile kinachoshika baraza. Mabaraza hubadilika: Wandsworth ilikuwa ya Conservative tangu 1978, na Westminster tangu ilipoundwa, na zote mbili zilikwenda Labour usiku mmoja mwaka 2022. Kadi uliyoichukua kwa kufuata mwenye nguvu inaweza kukuacha upande wa walioshindwa.

Ila kwa mama mwenye zamu na watoto wawili, mimi ningeanza na wapangaji wenzako. Mwaka 2013, hapo hapo Newham, kundi la kina mama vijana waliokuwa wakiishi hosteli ya Focus E15 waliambiwa watahamishiwa miji ya mbali kama Manchester, Birmingham na Hastings. Hawakuwa na chama kikubwa nyuma yao. Walisimamisha meza barabarani Stratford kila Jumamosi, na mwaka 2014 wakaingia kwenye nyumba za kaunsili zilizokuwa zimeachwa tupu na kukaa humo mpaka nchi nzima ikasikia. Wengi wao walibaki London, na meya wa wakati huo aliomba radhi hadharani. Si lazima ufike huko. Lakini chama cha wapangaji cha London Renters Union kina watu Newham, hukaribisha wageni wa kila aina ya viza, na watakuelekeza jinsi ya kuandika ile barua pepe ya kwanza.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ukipata barua yoyote ya kukutaka uhame, usisubiri hata siku moja: nenda Citizens Advice, kituo cha msaada wa sheria, au piga simu shirika la makazi la Shelter kabla hujasaini chochote au kurudisha ufunguo. Mkifikia hatua ya kukosa pa kulala, sheria ya watoto ya mwaka 1989 inaipa manispaa wajibu kwa watoto wako hata kama viza yako ina lile sharti. Mwone mwanasheria akusindikize, maana wengi hukataliwa mara ya kwanza. Kwa maswali ya viza mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa pekee, na umwombe akuonyeshe usajili wake. Na kikohozi kikiambatana na kubanwa kifua, mtoto aende kwa daktari usiku huo huo. Mambo ya barua yatafuata kesho yake.